Pawa saplai ya amplifaya ndogo: kuchagua, kupiga hesabu na kuifunga mwenyewe

Amplifaya ndogo ikivuma, ikikatakata au ikiunguza IC (chipu inayokuza sauti) mara kwa mara, wengi hukimbilia kubadilisha IC. Mara nyingi kosa liko nyuma yake, kwenye pawa saplai: mtu amenunua transfoma au adapta kwa kusoma namba iliyoandikwa juu yake, akasahau kwamba pawa saplai moja ina volti za aina mbili. Kuna volti za wakati amplifaya imewashwa lakini iko kimya. Hizo ndizo zinazoua IC. Na kuna volti zinazobaki spika inapopiga kwa nguvu. Hizo ndizo utakazozisikia. Zitafute zote mbili kabla hujatoa pesa.

Hapa tunazungumzia amplifaya za kuanzia nusu wati hadi wati 20 hivi kwa kila spika: redio ya nyumbani, spika ya duka, kipaza sauti cha darasani, kanisa dogo, kibanda cha video. Hesabu zimefuata umeme wa Uganda, yaani 240 V, 50 Hz.

Hatua ya 1: Anza na IC, usianze na transfoma

Tafuta karatasi ya data ya IC yako na uandike namba mbili: volti za chini inazohitaji kufanya kazi, na volti za juu ambazo haitakiwi kuzivuka. IC zinazopatikana sana kwa mafundi wetu ni hizi:

LM386N-1 na N-3: 4 hadi 12 V. (N-4 ndiyo inayofika 18 V, usidhani zote ni sawa.)
PAM8403: 2.5 hadi 5.5 V.
PAM8610: 7 hadi 15 V.
TDA2003: 8 hadi 18 V.
TDA7297: 6 hadi 18 V.
TDA2030: ±6 hadi ±18 V. TDA2030A inafika ±22 V.
TPA3116D2: 4.5 hadi 26 V.

Jiwekee nafasi ya asilimia 10 chini ya namba ya juu. Nafasi hiyo si woga: umeme wa laini hupanda na kushuka, na IC ya bandia mara nyingi haifiki kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya IC halisi. Ukinunua TDA2030A kwa bei ya kushangaza, ichukulie kama TDA2030 ya kawaida.

Angalia pia kama IC ni ya daraja, yaani nyaya zote mbili za spika zinatoka kwenye IC na hakuna hata mmoja unaokwenda kwenye sifuri (waya wa pamoja wa saplai). PAM8403, PAM8610, TDA7297 na TPA3116D2 ni za aina hiyo. Kwenye hizo, ukiugusisha waya wa spika na bodi la chuma, au ukiunganisha hasi za spika mbili pamoja ili kuokoa waya, unaweza kuiua IC papo hapo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya ampea

Kwa IC isiyo ya daraja, chukua volti zote kutoka laini ya juu (chanya) hadi ya chini (hasi au sifuri), toa 2 hadi 4 zinazopotea ndani ya IC, kisha gawanya kwa 2. Hicho ndicho kilele cha volti kwenye spika. Wati ni kilele mara kilele, gawanya kwa mara mbili ya ohm za spika. Wastani wa ampea zinazotoka kwenye saplai ni kilele, gawanya kwa 3.14 mara ohm.

Mfano: TDA2003 kwenye betri ya 13 V na spika ya ohm 4. 13 toa 2 ni 11. Nusu yake 5.5 V. Wati: 5.5 × 5.5 ÷ 8 = 3.8. Ampea: 5.5 ÷ (3.14 × 4) = 0.44, ongeza 0.05 za IC yenyewe. Kwa hiyo saplai ya 1 A inatosha kwa raha, na anayekuambia nunua ya 5 A anakuuzia shaba usiyoihitaji. Anayekuahidi wati 20 kutoka kwenye IC hiyo na betri moja, mwonyeshe hesabu.

Kwa IC ya daraja, kilele ni volti za saplai toa 2 au 3, bila kugawanya kwa 2, na ampea ni mara mbili ya kanuni ya kwanza. TDA7297 kwenye 12.5 V na spika mbili za ohm 8: kilele 10 V, wati 6 kila upande, ampea 0.8 kila upande, jumla 1.6.

IC za kisasa za kukata mawimbi, kama PAM8403 na TPA3116D2, ni rahisi zaidi: jumlisha wati za spika zote, gawanya kwa 0.85, kisha gawanya kwa volti. PAM8403 ikitoa wati 3 kila upande kwa 5 V: 6 ÷ 0.85 ÷ 5 = 1.4 A. Chukua chaja ya 2 A.

Hizi ni ampea za sauti ya juu kabisa. Muziki wa kawaida hutumia kama theluthi yake au chini ya hapo, na ndiyo maana betri hudumu kuliko hesabu inavyotishia. Lakini kwenye kibanda cha video au kipaza sauti cha sokoni, ambako kitufe cha sauti hukaa mwisho kutwa nzima, amini hesabu ya juu.

Hatua ya 3: Chagua chanzo

Betri ndogo ya 9 V, ile ya mraba, ni ya kujaribia tu. Ina kama 500 mAh ikiwa alkali, chini ya hapo ikiwa ya bei nafuu, na ukinzani wake wa ndani ni mkubwa. LM386 inayopiga kwa nguvu kwenye spika ya ohm 8 inavuta karibu 0.13 A, besi ikigonga, volti za betri zinaporomoka, na spika inaanza kutoa mlio wa injini ya boti: tututu. Betri 6 za AA mfululizo zinatoa 9 V ile ile na zitadumu mara nyingi zaidi.

Pawabenki inafaa PAM8403, ila ina tabia moja ya kuudhi. Nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na PAM8403 iliyotulia inavuta chini ya 20 mA. Muziki ukinyamaza kidogo, amplifaya inazimika. Dawa ni rezista ya ohm 47, wati 1, kati ya chanya na hasi ili ivute 0.1 A muda wote. Inakula chaji, lakini inafanya kazi. Chaja ya simu pia inafaa, ila ipime kwanza ikiwa tupu: ikikupa zaidi ya 5.5 V, irudishe.

Betri ya 12 V na sola. Vijijini hiki ndicho chanzo cha kwanza kufikiria, hata penye Yaka (umeme wa mita ya kulipia kabla), kwa sababu amplifaya ya 12 V haijali umeme ukikatika. Lakini betri ya “12 V” si ya 12 V. Ikijaa na kupumzika ni 12.7; ikiisha ni 10.5, ikichajiwa mchana wa jua kali inafika 14.4. Kwa TDA2003 na TDA7297 hakuna shida. PAM8610 kwa 14.4 V iko ukingoni mwa mwisho wake wa 15, na jua la saa saba likishirikiana na chaja mbovu litaisukuma nje. Ukitaka kuitumia na sola, iwekee kigeuzi kidogo cha kushusha hadi 12 V.

Usiunge amplifaya moja kwa moja kwenye paneli. Paneli ya “12 V” isiyo na mzigo hutoa 21 hadi 22 V. Ajali ya kawaida zaidi ni hii: mtu anatoa betri ili akaitumie kwingine, anaiacha paneli na amplifaya zikiwa bado kwenye kontrola (kifaa cha kudhibiti chaji ya sola), na kontrola ya bei nafuu inapitisha volti za paneli zote. Ondoa paneli kwanza, kisha betri. Wakati wa kurudisha, betri kwanza.

Jambo la pili kuhusu kontrola hizo: nyingi zinakata upande wa hasi, yaani hasi ya mzigo si sawa na hasi ya betri. Ukiunga amplifaya kwenye tundu la mzigo, halafu redio au simu inayoleta muziki ikapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, waya wa sauti unaziunganisha hasi hizo mbili. Kontrola inapoteza kazi yake ya kulinda betri, na mkondo wote unapita kwenye waya mwembamba wa sauti. Vifaa vyote vinavyounganishwa kwa waya wa sauti vichukue umeme sehemu moja.

Betri ya 7 Ah ya risasi itumie nusu tu, yaani 3.5 Ah, la sivyo itakufa mapema. TDA7297 ya mfano wetu kwenye muziki wa kawaida inavuta kama 0.5 A, hiyo ni saa 6 au 7.

Waya nao unahesabiwa. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa 0.75 mm² utapoteza zaidi ya 1 V kwa 5 A, wa 2.5 mm² utapoteza karibu 0.35 V. Fyuzi iwe upande wa betri, si upande wa amplifaya, kwa sababu inayolindwa ni nyumba isiungue waya ukigusana njiani.

Kutumia inveta kugeuza betri kuwa 240 V, kisha transfoma kurudisha 12 V, ni kulipa mara mbili. Na inveta ya bei nafuu isiyotoa wimbi laini huifanya transfoma ipate joto na spika itoe mlio mkali ambao hakuna kapasita itakayoumaliza kirahisi.

Chaja ya kompyuta mpakato. Kwa TPA3116D2 ni vigumu kupata saplai bora kwa bei hiyo. Iliyotumika ya 19 V, 3.42 A (wati 65) inapatikana kila mji. Kwa spika mbili za ohm 8, upeo ni 19 × 19 ÷ 16, kama wati 22 kila upande. Gawanya jumla kwa 0.9 upate kama wati 50. Inatosha. Ukiweka spika za ohm 4, amplifaya itataka karibu wati 100, na chaja itajizima kila besi inapogonga kisha iwake tena. Wengi huita hilo “IC mbovu” kumbe chaja inajilinda.

Chaja ya pini mbili mara nyingi inachoma kidogo ukigusa chuma cha amplifaya kwa nyuma ya mkono, na spika inavuma simu ikiunganishwa. Ni uvujaji mdogo unaopita kwenye kapasita ya ndani inayounganisha upande wa 240 V na wa chini. Chaja ya pini tatu haina hilo, ila huunganisha hasi na erthi, na ukichomeka kompyuta nayo yenye erthi unapata mvumo wa mzunguko. Tutaurudia chini.

Transfoma ya chuma bado ndiyo chaguo letu la kwanza kwa TDA2030, kwa sababu inahitaji laini chanya na hasi, na kwa sababu inavumilia umeme mbovu kuliko adapta nyepesi. Hapo ndipo penye kazi.

Hatua ya 4: Kuisoma transfoma ya 12-0-12

Transfoma yenye lebo “12-0-12, 2 A” inamaanisha 12 V AC (umeme wa kugeuka, kabla ya kunyooshwa) kwa mzigo kamili, kutoka waya wa katikati hadi kila waya wa pembeni. Ukishanyoosha umeme kwa daraja la daiodi na kapasita, unapata kilele: 12 × 1.414 = 17 V, toa kama 1 ya daiodi. Kwa hiyo ±16 V. Hiyo ndiyo volti ya kusikia.

Sasa volti ya kuua. Transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa asilimia 15 hivi juu ya lebo. Zaidi ya hapo, nyingi zinazoingia nchini zimesukwa kwa 220 V, nasi tunazipa 240: ongeza asilimia 9. Fuata: 12 × 1.09 × 1.15 = 15 V AC; mara 1.414 ni 21.3, toa 0.7 ni ±20.6 V. TDA2030 ya kawaida, yenye mwisho wa ±18, imekufa kabla hujaiwekea wimbo. Ndiyo siri ya amplifaya zinazoungua zikiwa kimya usiku. Kwa TDA2030 chukua 9-0-9. Utapata kama ±12 V ikifanya kazi na bado utapata wati 10 kwenye ohm 4. Kwa TDA2030A halisi, 12-0-12 iliyoandikwa 240 V inakubalika.

Ampea za lebo ni za AC. Kwa sababu kapasita huchajiwa kwa mipigo mifupi, DC (umeme ulionyooshwa) unayoweza kuchukua ni kama asilimia 60 ya lebo: 2 A AC inatoa 1.2 A DC. TDA2030A mbili kwenye spika za ohm 8 na ±15 V zina kilele cha 13 V, wati 10 kila upande, na zinavuta 0.52 A kila moja, jumla 1.04 A. Transfoma ya 2 A inatosha.

Lebo inaweza kusema uongo, uzito hausemi. Transfoma ya kawaida ya bati ya 24 V × 2 A, yaani 48 VA, huwa na uzito wa karibu kilo moja. Ukiona “5 A” na ina nusu kilo, iache. Transfoma iliyotolewa kwenye UPS ndogo, zinazouzwa kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu, nayo iache: imesukwa kufanya kazi dakika chache kisha ipumzike, na volti zake hazifai laini mbili.

Hatua ya 5: Kuifunga

Utahitaji: transfoma, daraja la daiodi la 4 A au zaidi (au daiodi 4 za 1N5408; zile za 1N4007 ni za 1 A, hazifai hapa), kapasita 2 za 4700 µF, 35 V, kapasita 2 za 100 nF, rezista 2 za 2.2 k, nusu wati. Fyuzi 1 ya 0.5 A ya polepole na 2 za 2 A za polepole, pamoja na vishikizi vyake, varista 14D471 (ya kupunguza mshtuko wa umeme), swichi, waya wa pini tatu na plagi yenye fyuzi ya 3 A badala ya 13 A inayokuja nayo.

Kwanza, tambua nyaya za transfoma kwa mita ya ohm kabla ya umeme. Upande wa 240 V unasoma makumi ya ohm. Upande wa chini unasoma chini ya ohm 2. Ukizigeuza na kuchomeka, unatengeneza volti elfu kadhaa kwa sekunde ile moja kabla ya moshi.

Pili, upande wa 240 V: waya wa moto upite kwenye fyuzi ya 0.5 A, kisha swichi, kisha transfoma. Varista iwe kati ya moto na nyutro, baada ya fyuzi. Waya wa erthi uufunge kwa skrubu na nati kwenye bodi la chuma, mahali palipokwanguliwa rangi. Kila kiungo cha 240 V kivishwe mpira wa kusinyaa kwa joto. Selotepu si insuleta.

Tatu, nyaya mbili za pembeni za transfoma zipite kila mmoja kwenye fyuzi ya 2 A, ziende kwenye alama za ~ za daraja. Waya wa katikati usiende kwenye daraja. Unakwenda moja kwa moja mahali kapasita mbili kubwa zinapokutana. Hapo ndipo sifuri yako.

Nne, kapasita. Ya juu: mguu chanya kwenye + ya daraja, hasi kwenye sifuri. Ya chini: mguu chanya kwenye sifuri, hasi kwenye − ya daraja. Ya chini ndiyo inayokosewa kila mara, kwa kuwa mkono umezoea kuweka hasi kwenye sifuri. Ikigeuzwa itapasuka, na maji yake yanachoma macho. Weka rezista ya 2.2 k sambamba na kila kapasita ili imwage chaji ukizima, na 100 nF pembeni yake.

Kwa nini 4700? Mawimbi yanayobaki kwenye DC ni ampea, gawanya kwa 100 mara farad. 1.04 ÷ (100 × 0.0047) ni kama 2.2 V. Kwa 1000 µF yangekuwa zaidi ya 10 V, nawe utasikia mngurumo kila besi inapokuja. Kwenda hadi 10000 kunasaidia kidogo. Zaidi ya hapo kwa wati hizi ni mapambo, na fyuzi zitakatika wakati wa kuwasha.

Hatua ya 6: Kuiwasha mara ya kwanza

Usiiunge amplifaya bado. Weka balbu ya zamani ya waya, wati 60, mfululizo na waya wa moto. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Washa: balbu imulike mara moja kapasita zikijaa, kisha izimike au ibaki na wekundu hafifu. Ikiwaka kamili, kuna shoti: zima, angalia daraja na miguu ya kapasita.

Balbu ikitulia, iondoe na upime laini zote mbili dhidi ya sifuri. Andika namba. Lazima ziwe chini ya mwisho wa IC yako, na zitofautiane kwa si zaidi ya nusu volti. Upande mmoja ukisoma nusu au sifuri, angalia daiodi, kapasita na viungo vya upande huo.

Kisha pima ikiwa na mzigo. Chukua balbu 3 za gari za 12 V, 10 W, uziunge mfululizo kutoka laini chanya hadi hasi. Zitavuta kama 0.8 A. Volti za kila laini zitashuka, kwa mfano kutoka 19 hadi 16. Zikishuka hadi 13, lebo ya transfoma ilikudanganya. Acha hivyo nusu saa, kisha zima, chomoa, na ushike transfoma: kama huwezi kuiacha mkono kwa sekunde 5, ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Wanaoishi mwisho wa laini warudie kipimo hiki saa mbili usiku, wakati umeme umeshuka, na tena alfajiri, wakati umepanda. Namba ya alfajiri ndiyo inayoamua uhai wa IC.

Hatua ya 7: Umeme safi wa sehemu ya mbele

Saketi ya maikrofoni au toni inakuza mawimbi pamoja na sauti, kwa hiyo haitakiwi kunywa moja kwa moja kutoka kwenye laini ya amplifaya. Kwa NE5532 moja (IC ya kukuza sauti ndogo), inayovuta 8 mA tu, huhitaji reguleta (kifaa cha kushikilia volti zisibadilike): weka rezista ya ohm 100 kwenye kila laini, kisha kapasita ya 470 µF kwenda sifuri. Unapoteza 0.8 V, na mngurumo wa 100 Hz unapungua karibu mara 30.

Ukitaka reguleta, kumbuka miguu ya 7812 na 7912 haifanani. Ukizitazama usoni kutoka kushoto: 7812 ni ingizo, sifuri, toleo, 7912 ni sifuri, ingizo, toleo, na mgongo wake wa chuma umeungana na ingizo. Ukizifunga zote kwenye bati moja la kupozea bila mika (kipande cha kuhami umeme), umepiga shoti. Zote zinahitaji kama 2 V juu ya toleo muda wote. Laini ya wastani wa 16 V yenye mawimbi ya 2.2 V inashuka hadi karibu 15. Umeme ukipungua kidogo usiku, 7812 inakosa pumzi na mvumo unapita wazi. Ndiyo maana sisi huweka 7809 na 7909 mahali ambapo umeme si wa kuaminika.

Joto ni volti zinazopotea mara ampea. 7809 inayopewa 15 V na kutoa 0.2 A kwa LM386 inachoma wati 1.2. Bila bati itapanda karibu nyuzi 80 juu ya joto la chumba. Weka bati.

Mvumo: kutafuta unakotoka

Punguza sauti hadi mwisho. Mvumo ukibaki vilevile, uko kwenye saplai au sifuri ya amplifaya. Ukiondoka, unaingia kupitia waya wa muziki au sehemu ya mbele.

Sikiliza aina yake. Mlio mkali wa nyuki, 100 Hz, ni mawimbi ya saplai: kapasita imechoka au mzigo umezidi. Mvumo mzito na laini, 50 Hz, ni waya usiokingwa, transfoma iliyo karibu mno na ingizo, au mzunguko wa erthi. Ukigusa chuma na mvumo ukapungua, bodi halijaunganishwa na sifuri. Tututu ya polepole ni kapasita iliyo mbali na IC: weka 100 µF na 100 nF ndani ya sentimita 2 kutoka miguu ya umeme.

Mlio wa nyuki usiokoma hata kapasita zikiwa mpya mara nyingi ni kosa la njia za sifuri. Mipigo ya kuchaji kapasita inapita kati ya transfoma, daraja na kapasita. Waya wowote wa sauti ukishiriki kipande hicho, unabeba mlio. Chagua sehemu moja, sentimita chache mbele ya mahali kapasita zinapokutana, na ulete hapo kila sifuri kwa waya wake: spika ya kushoto, spika ya kulia, ingizo, bodi. Hasi ya spika isipite kwenye sifuri ya ingizo hata kama ndiyo njia fupi.

Mvumo unaokuja tu ukiunganisha kompyuta yenye erthi ni mzunguko wa erthi. Weka rezista ya ohm 10 kati ya sifuri ya ingizo na sifuri kuu, au transfoma ndogo ya sauti kwenye waya wa muziki. Kukata pini ya erthi kunanyamazisha mvumo kweli, lakini siku transfoma itakapovuja, bodi zima na maikrofoni mkononi mwa mhubiri vitakuwa 240 V. Pia soketi nyingi za pini tatu hazina kitu nyuma ya tundu la erthi. Muombe fundi umeme apime kabla hujaitegemea. Pasipo erthi, tumia bodi la plastiki.

Varista hupunguza mshtuko wa umeme unaorudi ghafla baada ya kukatika, lakini haisimamishi radi iliyopiga karibu, na maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria yana radi nyingi kuliko sehemu nyingi duniani. Mawingu yakijikusanya, chomoa plagi ukutani, na kama una waya mrefu wa kipaza sauti unaopanda mlingotini, uchomoe nao. Ukiona varista imegeuka nyeusi au imepasuka, ibadilishe kabla ya kuweka fyuzi mpya.